Naombeni ushauri: insha yangu inatakiwa kuchapishwa na mimi nasitasita

Daftari la Nyuma
Habari za muda huu wakuu. Huwa nasoma tu na kupita, leo ndiyo mara ya kwanza kuanzisha uzi, nikikosea mnivumilie.

Niko mwaka wa pili chuo, nasomea uhasibu. Muhula huu kila mtu alitakiwa kuchukua somo moja nje ya fani yake. Nilichelewa kujisajili, niliyoyataka yakajaa, likabaki Utangulizi wa Fasihi. Nilinuna wiki nzima. Sekondari fasihi niliifaulu kwa kukariri: fani na maudhui, dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Nilikuwa naweza kuchambua riwaya ambayo sijawahi kuifungua. (Msinicheke, najua humu tuko wengi.)

Kazi ya kwanza nikaifanya vilevile. Mwalimu akairudisha bila alama, chini ameandika kwa penseli: "Haya nimeshayasoma kwa wenzako kumi na wanane. Wewe ulisoma nini?" Sikuwa na jibu, maana sikuwahi kuulizwa.

Toka siku hiyo nimekuwa mtu mwingine. Mimi niliyekuwa nakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, sasa nabishana darasani mpaka kipindi kinaisha. Hata uhasibu wenyewe nauona tofauti. Zamani hesabu zisipolingana nilikuwa nafuta na kuanza upya, siku hizi najiuliza nani alijaza hapa na alikuwa anakwepa nini.

Sasa kazi ya mwisho tuliambiwa tuchague shairi moja ambalo tumeishi nalo, tueleze kwa nini halijatuacha. Nikaandika kuhusu shairi la mtu ninayemfahamu, halijawahi kuchapishwa popote. Kurasa tisa. Mwalimu ameomba insha iingie kwenye jarida la idara, pamoja na shairi lenyewe lote. Mwisho wa kutoa jibu ni Ijumaa.

Nikubali au niache? Na la pili: mtu aliyefika mwaka wa pili wa uhasibu akihamia fasihi atajuta?

Kibogoyo
Kurasa tisa! Mimi barua ya kuomba kazi nusu ukurasa ilinitoa jasho, nikamalizia kwa "wako mtiifu" mara mbili. Nimekaa pale kwenye kona, wajuzi wakija mniamshe.

Fundi Saa
La kwanza naliruka. La pili nakujibu kama mdogo wangu: USIHAME.

Nilikuwa na rafiki tuliyesoma naye umeme, akasikiliza muziki muhula mmoja, akasema amejitambua. Akaacha. Alijitambua miaka minne, mwaka wa tano akaja kuniomba nimfundishe kufunga nyaya. Fasihi haina kinyongo, utaifuata jioni ukitoka kazini na itakufungulia mlango. Uhasibu ukiususa nao unakususa. Maliza cheti kwanza, mengine ni burudani ya roho.

Njiwa Manga
Fundi Saa, umeulizwa kuhusu insha umejibu kuhusu nyaya. Mleta uzi, kubali. Kitu cha kwanza kuchapishwa ni kama jino la kwanza, haliji mara mbili. Hongera sana.

Mama Pacha
Mwanangu, umenikumbusha mbali. Mimi fasihi niliisoma masomo ya jioni nikiwa na miaka 41, wanangu wawili wamelala kwa jirani. Tulipewa tamthilia ambayo ndani yake kuna mama mmoja mkali, hasemi neno zuri kuanzia onyesho la kwanza hadi la mwisho. Darasa zima likamsema. Mimi nikajikuta nasimama kumtetea, na katikati ya maneno nikagundua namtetea mama yangu mzazi ambaye nilikuwa sijaongea naye miaka mitatu. Nikakaa chini sikumaliza sentensi. Mwalimu naye hakuniuliza kitu, Mungu ambariki.

Kwa hiyo nakuelewa. Ila nina swali. Huyo "mtu ninayemfahamu" ni nani? Anajua umeandika juu yake?

Daftari la Nyuma
Asante mama, nimekusoma mara mbili. Ni mtu wa karibu tu. Naomba tusiingie sana huko. Ninachotaka kujua ni kama ukichapishwa ukiwa bado mwanafunzi, baadaye ukikua kimawazo unaweza kuionea aibu kazi yako.

Mzee wa Mizani
Kabla hatujaendelea. Hilo shairi ni shairi, au ni zile sentensi zilizokatwakatwa zikapangwa kama ngazi?

Njiwa Manga
Haya, ameshafika.

Mzee wa Mizani
Nimefika na sina haraka. Toka Kezilahabi atoe Kichomi, diwani yake ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974 kila asiyeweza kuhesabu hadi nane amepata mahali pa kujificha. Simlaumu yeye, yeye alijua anachokivunja. Nawalaumu wanaovunja nyumba ambayo hawajawahi kuingia. Mshairi Abdilatif Abdalla alikaa gerezani 1969 hadi 1972, akawa anatunga humo humo kwa siri, diwani yake Sauti ya Dhiki ikatoka 1973. Mtu yuko kifungoni anahesabu mizani, silabi nane nane kila kipande cha mstari! Wewe uko kitandani umelalia mto, unasema vina vinakubana.

Njiwa Manga
Mzee wangu, ukimsikia mtu analia kwa uchungu utamwambia asubiri uhesabu silabi?

Mzee wa Mizani
Akilia vizuri zitakuwa nane zenyewe.

Kibogoyo
😂😂 Mzee hana mpinzani leo.

Kitovu
Turudi kwa mleta uzi. Kama hofu yako ni kwamba shairi ni la mtu mwingine na liko kabatini, kumbuka Emily Dickinson, yule mshairi wa Marekani. Alifariki 1886. Dada yake, Lavinia, akafungua vitu vyake akakuta mashairi, ukijumlisha yote tunayoyajua leo ni karibu 1,800, na yaliyochapishwa wakati wa uhai wake hayakufika hata ishirini. Dada mtu angesema "haya ni ya ndani" leo tusingemjua. Kitabu cha kwanza kilitoka 1890. Wakati mwingine anayefungua sanduku ndiye anayeokoa kazi.

Karani Mstaafu
Kitovu, mfano mzuri lakini Emily alikuwa amekufa. Huyu "mtu wa karibu" tunaambiwaje? Yuko hai? Ana simu?

Mleta uzi, Mama Pacha alikuuliza maswali mawili ukajibu la tatu ambalo hakuuliza. Mimi nimekaa masijala miaka mingi, mtu akijibu hivyo ujue faili lina ukurasa umechomolewa. Ni nani, na anajua?

Daftari la Nyuma
Sawa.

Ni kaka yangu. Yuko hai. Simu anayo. Hajui.

Nieleze basi. Tulikuwa wawili tu shuleni na ada ilikuwa inatosha mmoja. Yeye alibakiza mwaka mmoja amalize sekondari. Hakuna aliyemfukuza. Siku moja alirudi, akavua sare, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti changu. Mwezi uliofuata akaondoka kwenda kutafuta kazi, na mpaka leo ndiye anayenilipia. Tunaongea kila wiki: afya, ada, hali ya hewa. Kwisha.

Aliacha kisanduku amekifunga. Nilikifungua. Ndani kulikuwa na karatasi chache, mojawapo ni hilo shairi, beti tano. Usiku huo huo nikalinakili kwa mwanga wa tochi nyuma ya daftari langu la hesabu, nikarudisha kila kitu nilivyokikuta. Simu ya kupigia picha sikuwa nayo. Ni miaka sita sasa. Sijawahi kumwambia.

Kwenye insha sijamtaja jina. Nimeandika "mshairi asiyejulikana". Sioni nimemkosea wapi, nimemheshimu.

Karani Mstaafu
Asiyejulikana na nani? Wewe unamjua mpaka namba yake ya simu.

Mama Pacha
Taratibu Karani. Mwanangu, pole. Sare juu ya kiti… pole.

Lakini hebu tulitazame na upande wa pili. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858. Yalikuwa maneno ya mama na mwana, ya ndani ya nyumba, na leo yanasomwa madarasani. Maneno mema yakitoka nje hayapungui.

Karani Mstaafu
Binti alipewa ule utendi mkononi, Mama Pacha. Huyu hakupewa, alifungua.

Niseme na la kisheria kwa sababu watu wanadhani kisichosajiliwa ni cha umma. Sivyo. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao ulitiwa saini 1886 (mwaka huo huo aliofariki Emily wa Kitovu, mniwie radhi), unalinda kazi toka inapoandikwa, bila usajili wowote, na ulinzi unaendelea angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufa. Kaka hajafa hata siku moja. Kunukuu mistari miwili mitatu ili uichambue, kwa shairi lililokwishachapishwa, hakuna neno. Hili halijachapishwa, na nyinyi mnataka kuliweka lote.

Swali langu la mwisho na ujibu kama ulivyoulizwa: umeshakubali?

Daftari la Nyuma
Jumatatu nilitia saini fomu. Lakini mwalimu alisema naweza kujitoa hadi Ijumaa saa sita mchana, kwa hiyo kitaalamu bado.

Na jamani msinione kama mwizi. Nikimwambia atasema "usijisumbue, achana nayo", kama anavyosema kwa kila kitu chake. Mtu anayejifuta kila siku, ukimuomba ruhusa ya kumwandika atakunyima kwa mazoea tu. Bora akute imeshatoka, ameishika mkononi, aone alikuwa na thamani.

Fundi Saa
Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, ulikuja kutafuta mashahidi.

Bundi
Wakuu nimekuwa kimya toka mwanzo nasoma. Niwaulize kitu: hamsikii harufu ya chai, yaani kisa cha kutunga?

Angalieni vizuri. Kwanza alikuwa "mtu ninayemfahamu". Akabanwa, akawa "mtu wa karibu". Akabanwa tena, akawa kaka. Fomu nayo ilikuwa haijatiwa saini, sasa imetiwa Jumatatu. Hiyo inaitwa taharuki, anaimwaga kijiko kwa kijiko. Kisanduku kilichofungwa, taswira. Tochi usiku, taswira. Sare imekunjwa juu ya kiti, hiyo hata mimi nimeipigia makofi. Kuna mbinu rejeshi, kuna mgogoro wa nafsi, kuna muda unaoyoyoma mpaka Ijumaa saa sita. Na jina lake ni Daftari la Nyuma, halafu shairi, wapi tena? Nyuma ya daftari.

Huyu ni mwanafunzi wa fasihi kweli, hapo hajadanganya. Kapewa zoezi la kutunga kisa, katuleta sisi tuwe wahusika wasaidizi bila malipo. Wiki ijayo mtajikuta mnachambuliwa: "Karani Mstaafu ni mhusika bapa, habadiliki toka mwanzo hadi mwisho."

Kibogoyo
Nilikuwa nimeshatoa machozi mawili. Nirudishiwe.

Karani Mstaafu
Bapa?

Njiwa Manga
Bundi una roho ngumu. Jina lake analijua mwenyewe kwa nini alilichagua, mbona linaeleweka.

Kitovu
Mimi pia nimeanza kupata mashaka. Kurasa tisa, wanafunzi kumi na wanane, beti tano. Waongo ndio wanaopenda tarakimu.

Fundi Saa
Na wahasibu.

Mama Pacha
Hata ikiwa ya kutunga, mtu huwezi kutunga ile sare kama hujawahi kuiona mahali. Mwacheni mtoto.

Mzee wa Mizani
Mnajisumbua bure. Kuna njia moja ya kumjua mwongo. Alete ubeti. Kisa mtu hukitunga akiwa amelala, lakini ubeti wenye mizani na vina hauzuki tu hivi hivi.

Bundi
Naunga mkono. Ubeti au uzi ufungwe.

Daftari la Nyuma
Nimeumia, sitaficha. Nilificha mwanzoni kwa sababu nilijua mtasema haya haya anayoyasema Karani, na nilikuwa nayajua kabla sijafungua uzi. Hiyo siyo taharuki, ni aibu.

Ubeti wa mwisho huu hapa, kama ulivyo daftarini. Baadaye nitaufuta.

*Chukua kalamu yangu, andika nilipoacha,*
*Hilo ndilo fungu langu, kwangu bado hakujacha,*
*Usilie ndugu yangu, mimi si wa kujificha,*
*Jua lako limetoka, nenda, unisubiri.*

Kibogoyo
…

Njiwa Manga
Mungu wangu. "Andika nilipoacha."

Bundi
Nanyamaza kwa dakika tano.

Mzee wa Mizani
Nimehesabu kwa vidole mara tatu, mara ya tatu nimemwita mjukuu ahesabu naye.

Ukwapi wa kwanza, yaani nusu ya kwanza ya mstari, nane. Utao, nusu ya pili, nane. Mshororo wa pili nane kwa nane, na "hakujacha" imekaa mahali pake, si kila kijana anaijua. Wa tatu nane kwa nane. Wa nne: *Ju-a la-ko li-me-to-ka*, nane. Halafu: *ne-nda u-ni-su-bi-ri*. Saba!

Guni, shairi lenye kasoro ya mizani. Kijana ametunga kama fundi, kipande cha mwisho kabisa ameteleza.

Daftari la Nyuma
Mzee wangu, HAPO HAPO. Insha yangu yote inahusu hapo!

Miaka sita sikuwa nimeliona hilo. Siku tuliyofundishwa mizani, nilikuwa nagonga vidole kwenye meza, nikafika mwisho, kidole gumba kikabaki hewani hakina silabi. Nikarudia. Kikabaki tena. Ndipo nikaelewa, kwamba ile silabi iliyokosekana ni yeye mwenyewe. Kila kitu kimetimia, jua limetoka, dada yake anakwenda, yeye ndiye hayupo. Ameacha nafasi yake wazi ili siku moja arudi aijaze. Ndiyo maana anasema "unisubiri".

Na mimi nilimsubiri. Nilipomaliza sekondari nilikaa mwaka mzima sijaomba chuo. Aliyeniuliza nilimwambia nasubiri, hakuna aliyeuliza nasubiri nini. Hata uhasibu niliuchagua kwa sababu ndio yeye alikuwa anautaka, nikasema akirudi akute mahali pake pameshikwa. Kurasa tisa ni hizo. Sasa mnaelewa kwa nini siwezi kuiacha ikae kabatini?

Njiwa Manga
Nimesimamisha kila kitu hapa. Chapisha dada. Chapisha leo.

Kitovu
Naondoa mashaka yangu. Usomaji wa namna hii ni nadra.

Karani Mstaafu
Nimeguswa, na jibu langu ni lile lile.

Bundi
Dakika tano zimekwisha. Silabi iliyokosekana ni kaka mwenyewe, eti. Chai imewekwa na tangawizi.

Mzee wa Mizani
Mnaguswa haraka mno. Mimi kuna kitu hakiniingii. Vipande saba vimetimia sawasawa, cha nane kimepungua. Mtu aliyehesabu sahihi mara saba hakosei ya nane kwa bahati mbaya. Ama amekusudia, kama binti anavyosema, ama ule mstari siyo wake. Na kwa jinsi alivyo mwangalifu huko juu, mimi simuoni mtu wa kuacha tundu kwa makusudi. Huyu ni mtu wa kufunga kamba zake.

Ruhusa na hakimiliki sijui, mtaulizana nyinyi. Mimi mpigieni tu mumuulize ule mstari. Sitalala.

Kibogoyo
Kati ya sababu zote za kumpigia kaka simu, hii ndiyo mbaya kuliko zote na naiunga mkono.

Mama Pacha
Piga mwanangu.

Daftari la Nyuma
*(Alhamisi, saa 5 usiku)*
Mrejesho. Naandika mikono inatetemeka, makosa ya herufi mniachie.

Nilimpigia. Nilianza na afya, ada, hali ya hewa, kama kawaida. Halafu nikasema kwa mkupuo mmoja: kisanduku, shairi, insha, jarida, saini. Akanyamaza mpaka nikatazama simu nikadhani salio limekata. Kisha akasema, "Nisomee."

Nikamsomea beti zote tano. Nilipomaliza akasema, "Huo wa mwisho, rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia maneno mawili ya mwisho." Nikasema: nenda, unisubiri.

Akasema, "Sikuandika hivyo. Niliandika *usinisubiri*."

Wakuu, simu ilikuwa sikioni, mkono mwingine uko juu ya goti. *Ne-nda u-si-ni-su-bi-ri.* Kidole gumba kikagusa goti. Nane.

Karatasi ile ilikuwa imekunjwa mara nne, na kunjo lilipita pale pale kwenye neno, penseli imefutika. Au haikufutika, mimi ndiye niliyesoma nilichotaka, sijui, nilikuwa na tochi mdomoni. Nimebeba "unisubiri" miaka sita na hajawahi kuisema.

Nikamwambia, kaka, nimeandika kurasa tisa juu ya silabi iliyopotea. Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka vile, alicheka mpaka akakohoa, akasema "subiri kwanza", akaenda kunywa maji akarudi anacheka. Halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo ule mwaka uliokaa nyumbani, ulikuwa unanisubiri mimi?" Sikuweza kujibu.

Kuhusu kuchapisha hakusema ndiyo wala hapana. Alisema nimtumie hiyo insha aisome kwanza, na atachukua muda wake. Nimemwandikia mwalimu usiku huu kwamba najitoa toleo hili. Nimemweleza na kosa la kunakili pia. Sijui atanichukuliaje, maana alisoma ile sehemu ya silabi mbele ya darasa.

Na niseme ukweli mwingine ambao hamtaupenda: bado naona "unisubiri" ni shairi zuri zaidi.

Mzee wa Mizani
Halina mizani.

(Lakini nimefurahi. Mjukuu naye amefurahi. Mwambie kaka yako kuna mzee anamsalimu, na kwamba nilimtilia shaka mnakili, sikumtilia shaka yeye.)

Kitovu
Kumbe nilikuwa na mfano sahihi ila niliutumia vibaya. Wale waliotoa kitabu cha Dickinson 1890 walimrekebisha, wakabadilisha alama zake, pengine hata maneno, wakanyoosha vina. Toleo kamili lililofuata mkono wake lilitoka 1955. Wewe miaka sita tu, una unafuu.

Karani Mstaafu
Umefanya vizuri kujitoa. Siku akikubali, hakikisha jina lake linaandikwa kamili. Na mimi siyo bapa.

Bundi
Kaka aliyefichwa miaka sita anapigiwa simu usiku mmoja, na neno moja linageuza kila kitu? Mwisho umekaa mno. Chai. Ila ukipata sehemu ya pili usiniruke.

Fundi Saa
Sawa, yameisha. Sasa lile swali la pili ambalo mimi peke yangu nilijibu. Kuhama?

Daftari la Nyuma
Bundi, amini unavyotaka, leo sina nguvu.

Fundi Saa, fomu ya kuhama niliichukua wiki iliyopita. Ipo mezani, nimejaza jina na namba ya usajili tu. Sehemu ya "sababu" nilikuwa nimeandika sentensi moja ndefu, nimeifuta baada ya simu. Uhasibu niliingia kwa ajili yake na kumbe hakuniagiza, kwa hiyo sijui tena hata kama naupenda au siupendi. Nitamaliza muhula kwanza.

Mama Pacha
Usiku mwema mwanangu, lala sasa. Ila mimi umeniacha na kitu kimoja kinaniwasha toka jana. Kisanduku ulisema alikifunga. Ulikifunguaje?

Daftari la Nyuma
Hata yeye ndiyo kitu cha mwisho aliuliza kabla hajakata simu. Ufunguo aliondoka nao, anao mpaka leo.

Niling'oa bawaba kwa bisibisi. Nikazirudisha vizuri tu, ila skrubu moja ilidondoka gizani sikuiona tena.

Mzee wa Mizani
Kumbe hata kisanduku kina guni.